Mkono uliokufa ganzi baada ya ajali ya boda: timu moja ya madaktari au kila mmoja na mlango wake?

Wapo wanaosema kila hospitali ya rufaa iwe na kliniki moja ya mishipa ya fahamu (neva), daktari wa neva, mpasuaji, wa mifupa, wa maumivu na mtu wa mazoezi wote wamuone mgonjwa siku moja, sio kumzungusha na faili. Mi nakubali nusu.

Chukua dereva wa boda. Akidondokea bega na shingo ikavutwa upande wa pili, neva zinazotoka shingoni kwenda mkononi zinavutika au zinang'oka kabisa. Wodini mnajua inavyokuwaga, paja limevunjika linawekwa chuma, kichwa kinapigwa CT scan, mkono unaning'inia kwenye kitambaa tu na ndugu wanaambiwa subirini utarudi. Na kuna wakati kweli unarudi! Hapo ndo pagumu, maana neva iliyovutika inaweza kupona yenyewe ila iliyong'oka haiponi hata ungoje vipi, na kuzijua inabidi mtu yule yule aupime mkono leo, aupime tena mwezi ujao na ule unaofuata, sio kila siku intern mpya anaanza kuuliza jina.

Alafu kuna muda. Neva inakua kama milimita 1 kwa siku, toka shingoni mpaka vidoleni ni kama sentimita 70, piga hesabu, karibu miaka 2 hiyo, wakati misuli ikikaa bila neva kuanzia mwaka 1 hadi mwaka na nusu hivi haipokei tena. Ndo maana wapasuaji wanataka wakuone ndani ya miezi 3 mpaka 6, wewe unafika MOI, taasisi ya mifupa Muhimbili, na karatasi ya rufaa mwaka umeisha.

Na upasuaji peke yake hautoshi. Kuna njia aliileta Mfaransa Christophe Oberlin mwaka 1994, kwa wale ambao vidole bado vinafanya kazi ila kiwiko hakikunji: wanachukua uzi mmoja wa neva inayokwenda kiganjani wanauunga kwenye neva ya msuli wa mbele wa mkono. Sasa ubongo haujui kama nyaya zimebadilishwa, mgonjwa mwanzoni inabidi akunje ngumi ndo kiwiko kijikunje, na hilo anafundishwa na yule mtu wa mazoezi, wa fizio, kwa miezi. Bila fizio mpasuaji kafanya kazi ya bure.

Ila upande wa pili, wanaosema hakuna haja ya kliniki hiyo ya pamoja, nao wana pointi, tena kubwa. Wanaolalamika ganzi wengi wala sio wa boda, ni watu wa sukari miguu inawaka moto usiku, wengine wametumia metformin, dawa ya sukari, miaka mingi vitamini B12 imeshuka, wengine dozi ya TB bila vitamini B6, pombe, ukoma pia bado upo. Hawa wote uwapeleke kwa mabingwa watano wa nini? Nesi wa kituo cha afya mwenye kile kijiuzi cha nailoni cha gramu 10 anagusa nyayo, mgonjwa asiposikia nesi anajua huyu aanze kulindwa na vidonda. Mradi wa Step by Step ulioanza hapa Tanzania 2004 uliwafundisha daktari na nesi wawili wawili toka mikoani wahudumie miguu ya wenye sukari, hiyo nayo ni timu, tena ya watu wawili tu.

Kwa hiyo mi ningesema mabingwa wakae pamoja kwa ajili ya mikono hii ya ajali na kesi zilizoshindikana, na sheria iwe moja tu, mkono usiposogea wiki ya 6 rufaa iandikwe hata kama paja bado halijaunga. Wengi wanapiga kelele bima ilipie upasuaji, sawa, lakini upasuaji ni siku moja. Kijana anayeishi Chanika, pembezoni mwa Dar, ambaye hawezi tena kuendesha boda, nauli ya kwenda fizio mara mbili kwa wiki zaidi ya mwaka mzima anatoa wapi?