Uso wa bi harusi na mikono yake

Karibu kila bi harusi wa Unguja anayo picha hii: amenyanyua mikono miwili chini ya kidevu ili maua ya hina na piko yaonekane, na macho ameyainamisha. Ya mdogo wangu ipo kwenye albamu nyumbani kwetu Ng'ambo. Mikono ni yake, ile ile ya maji ya kunde iliyokuna nazi jikoni kwa mama miaka yote. Uso uliokaa juu ya mikono hiyo ni mweupe, na umepauka kidogo pembeni ya pua. Mtandio umefunika shingo na masikio, kwa hivyo hakuna pengine pa kulinganishia. Mikono peke yake ndiyo inayosema.

Tangu picha ile, kila nikienda harusini natazama mikono kwanza. Nyumba nyingi wakati huu wanabishana kama mekapu nzito inafaa au haifai, mabibi upande mmoja na mabinti upande wa pili. Naona ubishi huo unapita kando ya jambo lenyewe. Mekapu inaweza kuwa nzito na bado ikawa ya mwenyewe. Tatizo letu ni rangi.

Nianze na mabibi, maana hoja yao ina uzito kuliko wanavyopewa. Kwao uzuri wa mwari hutengenezwa siku nyingi kabla ya harusi, na hutengenezwa kwa singo: mawaridi, asumini, mlangilangi, mpachori na rehani, vikatwangwa pamoja na liwa na karafuu, vikalainishwa kwa marashi. Somo, yaani kungwi wake, humsugua mwari mwili mzima mpaka nongo zitoke, kisha humfukiza udi. Mpambaji yeyote wa leo atakwambia kuwa fandesheni hukaa vizuri juu ya ngozi laini na hushika vibaya juu ya ngozi yenye magamba. Kwa maana hiyo singo haishindani na mekapu, bali huitayarishia njia. Sharti lake ni moja, isifanywe siku ile ile. Karafuu huwasha, na ngozi iliyotoka kusuguliwa huwa nyekundu. Ikiwa mchanganyiko una manjano, rangi yake hubaki. Mwisho iwe siku mbili tatu kabla.

Lakini mabibi wanaposema kuwa kupenda weupe kumeletwa na simu, hapo siwafuati. Mwari alitawishwa ndani, jua lisimguse, na sababu mojawapo ilikuwa hiyo hiyo. Sikiliza namna tunavyomsifu anapotolewa: "Ametakata!" Neno moja linabeba usafi, mng'aro na weupe kwa pamoja, na sisi sote tumekua tukilisikia kama sifa. Simu imekuta moto unawaka.

Upande wa wapambaji nao unastahili kusikilizwa, kwa sababu wana sababu za kikazi ambazo sisi wageni wa ukumbini hatuzioni. Ya kwanza: fandesheni nyingi hubadilika rangi zikishakutana na hewa na mafuta ya ngozi, zikawa nyeusi zaidi kuliko zilivyotoka kwenye chupa. Anayejua kazi huanza na rangi iliyo juu kidogo, yaani nyeupe kidogo, ili saa moja baadaye iwe sawa. Ya pili: nyuso zetu hazina rangi moja. Wengi wetu paji la uso na pembe za mdomo ni vyeusi kuliko mashavu, kwa hivyo kusema "fananisha na ngozi yake" ni rahisi kwa anayesema tu. Ya tatu: taa za ukumbini. Chini ya taa za zambarau na buluu, uso uliopakwa sawasawa na ngozi unaweza kuonekana umefifia kwenye video. Na ya nne, ambayo mpambaji mmoja aliniambia huku akiosha brashi zake, ni kuwa bi harusi mwenyewe huja na picha kwenye simu na kusema nataka hivi. Akitoka hajang'aa, atakayesemwa mtaa mzima ni mpambaji.

Zipo pia lawama za madukani. Rangi za watu weusi zilichelewa kutengenezwa kwa wingi duniani. Kampuni ya vipodozi ya Fenty Beauty walipoanza mwaka 2017 na rangi 40 za fandesheni, ilikuwa habari kubwa. Kabla ya hapo mpambaji wa hapa alichanganya alichokipata, na alichokipata kilikuwa cheupe.

Nazikubali hoja zote nne na bado sioni kuwa zinafika pale uso wa mdogo wangu ulipofika. Kubadilika kwa rangi kunahitaji nusu hatua. Pale zilipandwa hatua tatu. Taa za ukumbini hurekebishwa kwa kuchonga mashavu, kuongeza rangi ya mdomo na kuvuta wanja, bila kuusogeza uso mzima. Na weupe mwengine si wa fandesheni hata kidogo. Poda nyingi za kumalizia zina silika, na baadhi ya vipodozi vina kinga ya jua ya titaniamu, vitu vinavyorudisha mwanga wa flashi. Machoni uso uko sawa. Simu ikipiga flashi, chini ya macho panatoka unga. Dawa yake ni kumpiga picha moja ya flashi bi harusi angali kitini, na poda ya ziada ipanguswe hapo hapo.

Wapo wanaosema: mwacheni awe mweupe kwa usiku mmoja, asubuhi ataosha. Hoja hii ndiyo iliyonisumbua zaidi, kwa sababu ni kweli kwamba fandesheni huosheka. Kisichoosheka ni kinachofuata. Binti aliyesifiwa usiku kucha kwa uso usio wake huamka na uso wake, na dukani mkorogo upo. Mkataba wa Minamata, ule wa kimataifa wa kudhibiti zebaki, uliweka mwaka 2020 kuwa mwisho wa kutengeneza, kuingiza nchini na kuuza nje krimu za kung'arisha ngozi zenye zebaki zaidi ya sehemu 1 katika milioni, maana zebaki huharibu figo. Haidrokwinoni nayo, kemikali nyengine ya kung'arisha ngozi, ikitumiwa muda mrefu inaweza kuacha mabaka ya bluu nyeusi pale pale palipotafutwa weupe. Sisemi kila fandesheni nyeupe humfikisha mtu huko. Nasema sifa zetu zinasukuma upande mmoja.

Kwa anayeniuliza afanyeje, kipimo changu ni mikono. Nenda kwa mpambaji siku ya majaribio, mchana. Paka mistari mitatu ya fandesheni kwenye taya, toka nje mlangoni penye mwanga wa jua, inua mgongo wa mkono karibu na shavu, subiri. Mstari unaopotea baada ya saa moja ndio wako. Usipime chini ya balbu ya chumbani. Taa ya manjano huficha kila kosa. Kwa joto letu la kaskazi, tabaka nyembamba mbili zilizogandamizwa kwa sponji yenye unyevu hushinda tabaka moja nene, ambalo hupasuka kwa jasho na kuhamia kwenye mtandio.

Udhu upangwe mapema, wala si jambo la kuachia dakika ya mwisho. Vipodozi visivyotoka kwa maji huzuia maji kufika kwenye ngozi, na bi harusi anayeanza kupambwa baada ya alasiri atakutana na magharibi akiwa kitini. Ama atie udhu kwanza na aulinde, ama kazi ianze baada ya sala. Usiku, mafuta ya nazi huviondoa bila kusugua.

Na kwa kuwa nimeifanya mikono kuwa hakimu, piko lipimwe pia. Piko jeusi linaloshika upesi mara nyingi ni rangi ya nywele yenye kemikali iitwayo PPD, ambayo Umoja wa Ulaya unairuhusu nyweleni kwa asilimia 2 tu na hauruhusu ipakwe ngozini, kwa sababu huweza kutoa malengelenge. Hina ya majani huchukua saa nyingi, na rangi yake hukolea mpaka kesho yake.

Mtoto wa shangazi yangu ataolewa Mfungo Mosi. Wiki iliyopita tulikwenda kwa mpambaji wake, tukasimama kibarazani na mistari mitatu kwenye taya. Mpambaji hakupenda, alisema anajua kazi yake, na anaijua kweli. Tulimuomba tu asubiri nasi. Alituletea viti, tukakaa wanne tukimtazama binti uso na mkono, na baada ya muda mstari wa katikati hatukuuona tena. Mpambaji aliandika namba ya rangi hiyo kwenye daftari.