Wapagazi nao waandikwe

Ndugu Mhariri, nimesoma habari yenu kuhusu pendekezo la kujenga mnara wa askari na mateka wa vita hapa Iringa, nami naliunga mkono, ila kwa sharti moja. Jeshi la Uingereza lilipoingia Iringa Agosti 1916, wakati wa Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia, chakula na risasi zake vilibebwa vichwani na wapagazi, ambao wengi waliuawa na kuhara, homa ya mapafu na njaa kuliko risasi. Ule mnara wa askari wa Dar es Salaam, uliozinduliwa mwaka 1927, unawaita wapagazi miguu na mikono ya jeshi. Sifa nzuri, lakini hauna jina hata moja. Mwaka 2021 tume inayotunza makaburi ya vita ya Jumuiya ya Madola ilikiri kwamba zaidi ya watu laki moja, wengi wao Waafrika, hawakuandikwa kwa majina, na ikaomba radhi. Basi kabla fundi hajachonga jiwe, wahusika wapite Njombe, Mufindi na Kilolo wawasikilize wazee (waliobaki ni wachache), maana majina ambayo makarani hawakuyaandika huenda bado yanatajwa kwenye matambiko ya koo.