Siku niliyozima moto wa milele

Kosa langu la kwanza lilikuwa kumwambia Mama ukweli. Alipiga simu Jumamosi kutoka Muheza, akauliza niko wapi. Nikajibu: "Njiani, Mama. Naenda kuuona moto wa milele."

Kimya. Mama ni mzee wa kanisa. "Shindwa!" akasema, sijui akiniambia mimi au nani, akakata.

Wala sikumdanganya. Kusini mwa Buffalo, jimbo la New York, ndani ya Chestnut Ridge Park, kuna maporomoko madogo yanayoitwa Eternal Flame Falls, yaani moto wa milele kabisa. Nyuma ya maji kuna kijipango, humo moto unawaka bila kuni wala mkaa. Gesi inapanda yenyewe kutoka ardhini kupitia nyufa za mwamba. Wanasayansi waliipima, na mwaka 2013 wakatangaza kwamba karibu asilimia 35 yake ni ethani na propani. Propani! Si ndiyo hiihii ya kwenye mtungi wa jikoni? Basi nikabeba hindi.

Mimi na shemeji tukateremka korongoni tukishikilia mizizi. Niliteleza mara mbili, ya pili nikiwa nimelikumbatia hindi kama kichanga. Kufika, moto wenyewe kimo chake kiganja na ushee.

"Ndio huu?"

"Milele siyo ukubwa, shem," akanijibu.

Tukalipenyeza hindi kwa kijiti. Dakika kumi, hata rangi halijabadili. Sasa mtu aliyelelewa na jiko la mkaa, hindi likichelewa anafanya nini? Mkono haukuniuliza. Nilivua kofia nikapepea. Mara moja, mbili, ya tatu: puu.

Pango likawa jeusi. Yakabaki maji yanachuruzika na harufu ya gesi. Huko juu, familia nzima inateremka, watoto wanashangilia.

"Shem," shemeji akanong'ona, "umekaa miaka mingapi nchi hii bila kesi?"

Kabla sijajibu akatokea mzee mmoja wa Kizungu, mabuti ya mpira hadi magotini. Akaangalia pango. Akaangalia hindi. Akachomoa kiberiti cha gesi mfukoni, akainama, na moto ukarudi kana kwamba ulienda dukani. Akasema huzimika mara kwa mara, na wapita njia ndio huuwasha.

"Upepo," akaongeza, akiitazama kofia yangu.

Usiku nikampigia Mama nikamsimulia yote.

"Umeuzima wewe?" Sauti yake ilikuwa na heshima ambayo sijawahi kuipata, hata nilipohitimu. Kisha akashtuka. "Na nani kauwasha tena?"

"Mzee mmoja tu, Mama. Alitokea msituni."

"Ulimtazama miguuni?"

"Alivaa mabuti, Mama."