Wimbo wa shule umetoka kwenye flashi

Jumamosi nilikuwa kwenye mahafali ya kidato cha nne ya mpwa wangu. Shule siitaji, nusu ya walimu wake ni majirani zangu. Hakikukosekana kitu: maturubai meupe, MC mwenye suti ya kung'aa, keki ya ngazi tatu, na mashada ya maua ya plastiki yaliyowajaa watoto shingoni hadi wengine wakabaki macho tu. Kisha MC akawaamuru wahitimu wasimame, waimbe wimbo wa shule. Nikajiweka sawa, maana mimi wimbo wa shule hunitoa machozi hata kama shule hainihusu. Ubeti wa kwanza wakauimba. Ubeti wa pili midomo ikaanza kuchezacheza. Kufika wa tatu, DJ, kijana mwenye huruma, akabonyeza kitufe, na sauti za watoto wengine kabisa, waliorekodiwa sijui mwaka gani, zikamalizia kwenye spika.

Tukapiga makofi. Na mimi nikapiga.

Miaka minne! Nilipomuuliza mpwa wangu, akanijibu bila hata kuona haya: "Anko, tuliuimba fomu wani. Siku hizi mstarini ni matangazo ya mitihani tu."

Halafu ikaja debeti ya maonyesho. Dakika sita, mbele ya mgeni rasmi, watoto wamekariri kila kitu. Mpingaji mmoja akasahau mstari wake. Aliyemnong'oneza jibu ni yule aliyekuwa akibishana naye.

Hata hayo ningeyasahau, pilau lilikuwa zuri. Ila Jumatatu, kwenye kundi la wazazi wa kidato cha tatu, maana nina binti shule hiyohiyo, likaingia tangazo la kambi ya taaluma. Kuanzia muhula ujao, michezo ya Jumatano na debeti ya Jumamosi "zimesitishwa kwa muda ili kuwapa wanafunzi utulivu". Kwa muda! Nchi hii ina vitu vilivyositishwa kwa muda kabla sijaoa. Vikundi vya dini havijaguswa. TYCS, UKWATA, CASFETA na TAMSYA wako palepale, kwani hakuna mkuu wa shule anayetaka kugombana na Mungu. Skauti nao wamebakizwa wanne, wa kumvisha mgeni rasmi skafu.

Neno hili utulivu nalifahamu vizuri. Mimi nilisoma sekondari mwanzoni mwa miaka ya 2000, wakati UMISSETA, yale mashindano ya michezo ya shule za sekondari, imefutwa kwa maelezo kwamba michezo inawapotezea watoto muda wa kusoma. Awamu ya nne ilipoirudisha, sisi tulishamaliza. Wenye mbio kwetu walikimbilia kengele ya ugali. Utulivu tuliupata kweli, tukautumia kuruka uzio.

Tulichobakiwa nacho ni debeti. Kila Jumamosi asubuhi, bwaloni, harufu ya maharage ya jana bado imening'inia. Mada zilikuwa nne, zinazunguka mwaka mzima: elimu na pesa, mjini na kijijini, bweni na kutwa, na sayansi imeleta faida au hasara. Kiingereza chetu kilikuwa cha kuombea maji, na wengine hata maji wasingepewa. Mimi sikuwahi kuzungumza upande wowote. Nilikuwa mtunza muda. Nilikuwa na saa ya kuazima kwa mwalimu, sahani ya bati na kijiko. Dakika ya nne unagonga mara moja, ya tano unagonga mara mbili, msemaji anakaa.

Sasa kuna Jumamosi moja kaka mkuu, pandikizi la mtu lililokuwa likitupigisha magoti sisi wa fomu tuu tukichelewa mstarini, alikuwa akieleza kwa nini pesa hainunui heshima. Dakika tano zikatimia. Bwalo zima likanigeukia. Nikagonga. Akaendelea. Nikagonga tena, naye anaendelea, nami nikaacha kuhesabu nikawa nagonga tu, hadi watu wa upande wake mwenyewe wakaanza kugonga meza pamoja nami. Akakaa. Jioni akaniita, nikajua leo nimekwisha. Akaniuliza kitu kimoja: zilikuwa tano kweli? Nikamwonyesha nilipoandika. Akasema, "Basi sawa," akaenda zake.

Fizikia ya mwaka ule imeyeyuka yote kichwani, hata kanuni za Newton nikiulizwa ghafla nitaanza kukohoa. Lakini "basi sawa" ile ninayo mpaka leo. Nimeshakaa vikao na mabosi wasiojua kunyamaza, nimewahi kuwa katibu wa kikoba ambacho mwenyekiti alijiona sultani, na kila mara mkono wangu hukumbuka kijiko. Pale bwaloni nilijifunza kwamba sheria ikiwa ya wote, mdogo anaweza kumkalisha mkubwa na jioni akala ugali wake salama. Hakuna kambi ya taaluma inayofundisha hilo, kwa sababu kambini mkubwa ni mmoja, na ndiye mwenye chaki. Na wimbo wa shule? Beti zote tano ninazo. Debeti ilifunguliwa nao na kufungwa nao, wiki hadi wiki, mpaka ukaingia damuni.

Wanaodhani klabu za wanafunzi ni mchezo wa kitoto wakumbuke Roots & Shoots, klabu ya vijana ya kutunza mazingira, iliyoanza 1991 Dar es Salaam, barazani kwa Jane Goodall, yule mtafiti wa sokwe, na wanafunzi 12. Leo iko katika nchi zaidi ya 60. Wale 12 nao walikuwa na mitihani.

Na msiniletee habari za kumi bora. Baraza la Mitihani liliacha kutangaza shule bora na wanafunzi bora Januari 2023, ila mabango ya getini hayajapata taarifa.

Haya, nikubali yanayokubalika. Kambi inapandisha ufaulu, nimeshaona daraja la nne likigeuka la pili, siwezi kubisha. Mabasi ya kusafirisha timu usiku yananitisha kama yanavyomtisha mzazi yeyote. Na debeti za kualikana na shule ya wasichana zilizaa barua nyingi kuliko hoja, najua, mbili niliziandika mimi.

Lakini kinachoniuma zaidi ni kwamba kambi hii tuliiomba wenyewe. Kwenye kikao cha wazazi mwalimu aliuliza anayeunga mkono anyooshe mkono, nami nikanyoosha, macho yangu yakiwa kwenye simu. Sikuuliza kambi itakula saa za nini. Binti yangu anacheza netiboli, nafasi ya GA, mfungaji. Timu yao ina mpira mmoja, unaojazwa upepo kila mapumziko, na Jumatano ndiyo siku pekee ambayo huwa ananipigia kwa simu ya matroni bila kuomba hela. Ananieleza tu magoli. Hata wakifungwa ananieleza. Sikufikiria hata kidogo kwamba ninapunga mkono kuziaga simu hizo.

Kwa hiyo jana nimeandika kwenye kundi, kwa adabu zote, nikiomba Jumatano irudishwe, walau saa moja na nusu. Zikaja dole gumba mbili. Mama mmoja akaandika "Amina", nadhani alikosea kundi. Kisha mweka hazina akajibu: "Ahsante mzazi kwa maoni mazuri. Tunakumbushana mchango wa fulana za kambi, 18,000, mwisho Ijumaa. Maandishi mgongoni yatakuwa TIMU MOJA. Tuma na saizi ya mtoto."

Nimelipa. Binti anavaa M.