Anwani tegemezi au kamili: tuulize kwanza nani anaisoma

Anayeandika kiungo kwenye ukurasa wa JSP (ukurasa wa wavuti unaotengenezwa na Java kwenye seva) ana njia mbili. Anaweza kutaja anwani nzima, kuanzia https:// na jina la seva hadi faili lenyewe. Hiyo ni anwani kamili. Au ataandika picha/nembo.png tu, kivinjari kikaiunganishe na anwani ya ukurasa uliofunguliwa. Hiyo ni tegemezi.

Wanaotetea anwani tegemezi wana hoja nzito. Programu ileile leo iko localhost:8080/duka, yaani kwenye kompyuta ya msanidi mwenyewe, kesho kwenye seva ya majaribio, kisha hewani kwa jina jingine kabisa. Jina la seva likigandishwa ndani ya msimbo, kila uhamisho ni kazi upya. Hatari kubwa zaidi ni kwamba fomu ya majaribio inaweza kutuma data kwenye seva halisi pasipo mtu kugundua.

Ila utegemezi una mtego wake. Sevleti (programu ya Java inayopokea maombi kwenye seva) inapokea ombi la /duka/bidhaa/angalia/7, kisha kwa RequestDispatcher, chombo cha Java cha kukabidhi ombi, inalipeleka ndani kwa ndani hadi /kurasa/bidhaa.jsp. Kivinjari hakijui habari za faili hilo. Kinafuata anwani kinayoiona na kuomba /duka/bidhaa/angalia/picha/nembo.png. Msanidi anakagua folda, picha ipo, lakini jibu ni 404, yaani haikupatikana. Akiongeza ../../ ukurasa huo unapona, na mwingine unaotumia JSP hiyohiyo kwa anwani yenye kina tofauti unaharibika.

Kuanza na mkwaju (/) basi? Hapo ndipo wengi hupotea, kwa sababu mkwaju huo hausomwi kwa namna moja. Kwa RequestDispatcher, / ni mzizi wa programu, yaani /duka. Kwa sendRedirect, inayoambia kivinjari kiende anwani nyingine, na ndani ya HTML, ni mzizi wa seva nzima, na /duka haimo. Anayesoma amebadilika: kwanza ni seva, kisha ni kivinjari. Programu ikiwekwa kwenye seva ya Tomcat kama ROOT.war, yaani kwenye mzizi bila jina kama /duka, kosa hili halionekani kabisa, hadi siku itakapopewa jina.

Kwa viungo vya ndani mimi nasimama na njia ya kati: njia ianze na request.getContextPath(), inayotoa jina la programu kama /duka, au itumike c:url ya JSTL (maktaba ya lebo za JSP), ambayo huongeza sehemu hiyo yenyewe. Haina jina la seva, wala haiyumbi kwa kina cha ukurasa.

Anwani kamili ina mahali ambapo haina mbadala: barua pepe. Kiungo cha kubadilisha nenosiri kinasomwa nje ya programu, hakina ukurasa wa kukitegemea. Tatizo ni pale msanidi anapokiunda kwa getRequestURL(), inayotoa anwani ya ombi lililopokelewa. Jina la seva humo kwa kawaida hutokana na kichwa cha Host, sehemu ya ombi inayotaja seva inayoombwa, na mshambuliaji anaweza kukibadilisha ili mwathiriwa apelekewe kiungo chenye tokeni halali (msimbo wa siri wa kubadilisha nenosiri) kinachoelekea seva ya mwizi. Tena, seva iliyo nyuma ya proksi (seva ya kati) inayomalizia TLS, yaani usimbaji wa https, huweza kudhani iko kwenye http, isipowekewa kitu kama RemoteIpValve ya Tomcat kusoma X-Forwarded-Proto, kichwa ambamo proksi hutaja itifaki ya awali.

Kuelekeza upya nako kuliwahi kulazimisha anwani kamili: RFC 2616 ya 1999, waraka wa kanuni za HTTP, ilitaka Location, kichwa cha jibu kinachotaja anwani mpya, iwe hivyo. RFC 7231 ya 2014 iliruhusu tegemezi, na sharti hilo likaisha. Kwa barua pepe, jina la seva liandikwe kwenye faili la mipangilio, moja kwa kila mazingira, lisichukuliwe kamwe kutoka kwenye ombi.