Kuwalisha paka wa mitaani: huruma inayopunguza shida na huruma inayoiongeza

Mlango wa mtego ukishajifunga, paka aliyenaswa huruka, hugonga waya wa juu kwa kichwa, hugeuka, huruka tena. Ufunike mtego kwa shuka, pande zote, naye hutulia kwa sekunde chache tu, utadhani hayumo. Mara ya kwanza nilipoliona hilo nilikuwa nimechuchumaa nyuma ya ukuta kwa zaidi ya saa mbili, miguu imekufa ganzi, nikimsubiri jike mmoja wa kijivu aliyekuwa amezaa mara mbili mwaka ule. Katika watoto wa uzao wa kwanza sikumwona hata mmoja aliyefika ukubwani. Na muda wote huo mimi ndiye niliyekuwa nikimlisha.

Hilo la mwisho ndilo lililonifanya niandike. Penye paka wa mitaani hakosekani mtu wa kuwawekea chakula, na hakosekani jirani wa kumlaumu. Huyu anaona viumbe wenye njaa. Yule anaona uchafu, vilio vya usiku na ndege wanaotoweka. Wote wawili hubishana kana kwamba suala ni nani anapenda paka na nani anawachukia. Mimi nawapenda, na sitajifanya sina upande. Lakini kadiri nilivyoendelea kushika sahani ndivyo nilivyoamini kwamba swali la kumuuliza anayejitolea ni moja: pale unapohudumia, paka wanapungua au wanaongezeka?

Kwanza tuelewane tunamzungumzia paka yupi. Yupo aliyewahi kuwa na nyumba, akapotea au akatupwa. Huyo ukimpa siku chache atakujia mkia juu. Na yupo aliyezaliwa vichakani au juu ya mapaa, asiyewahi kushikwa na mtu, ambaye wengine humwita paka shume. Kwa asili ni paka yuleyule. Kinachowatofautisha ni malezi: mtoto wa paka humzoea binadamu kwa urahisi kati ya wiki ya pili na ya saba hivi ya maisha yake, na muda huo ukipita bila kushikwa, kumfungia ndani akiwa mkubwa ni kumtesa. Ndiyo maana ushauri wa kumpeleka kwenye makao ya wanyama haumsaidii aliyekomaa akiwa mwitu. Hapati wa kumchukua, na mara nyingi mwisho wake ni sindano ya kumuua. Mtoto wa wiki sita ni habari nyingine. Huyo anaweza kupata nyumba, na anayejitolea akimwacha akulie nje amempotezea nafasi ambayo hairudi.

Wanaopinga wana hoja nzito, na sisi wapenzi wa paka tunakosea tunapozipuuza. Paka huwinda hata akiwa ameshiba. Mwaka 2013 watafiti nchini Marekani walichapisha makadirio kwamba paka wanaotembea huru nchini humo huua ndege kati ya bilioni 1.3 na bilioni 4 kila mwaka, na wanyama wadogo kati ya bilioni 6.3 na bilioni 22.3, na kwamba sehemu kubwa ya mauaji hayo hutokana na paka wasio na mwenyewe. Makadirio hayo yamebishaniwa sana, na upana wake wenyewe unaonyesha jinsi ilivyo vigumu kuhesabu kinacholiwa gizani. Hata hivyo chukua ile tarakimu ya chini kabisa, uikate nusu, bado huwezi kumwambia mtu anayelinda ndege kwamba anatia chumvi.

Visiwani hali ni mbaya zaidi, kwa kuwa ndege wengi wa huko hutaga ardhini au mashimoni, wakiwa hawajawahi kuishi na adui wa namna hiyo. Kisiwa cha Marion cha Afrika Kusini, kusini kabisa mwa Bahari ya Hindi, kilipelekewa paka 5 mwaka 1949 ili wapunguze panya kwenye kituo cha hali ya hewa. Kufikia mwaka 1977 walikuwa wamefika karibu 3,400, na ndege wa baharini waliokadiriwa kuuawa nao walikuwa kiasi cha 450,000 kwa mwaka. Ikabidi waambukizwe ugonjwa kwa makusudi, kisha wapigwe risasi na kutegwa, hadi walipomalizwa mwaka 1991. Panya wakabaki, na miaka ya karibuni wameonekana wakiwatafuna makinda ya albatrosi, ndege wakubwa wa baharini, wakiwa hai, wamekaa viotani mwao. Nimeirudia habari hiyo mara nyingi na sioni ushindi wa upande wowote. Ninachokiona ni kwamba mahali kama pale hapafai kurudishwa paka, hata aliyehasiwa. Paka aliyehasiwa huacha kuzaa, kuwinda haachi.

Liko pia suala la afya. Vijidudu vya toksoplasma hukamilisha uzazi wao ndani ya utumbo wa paka na kutoka na kinyesi. Paka huvitoa kwa wiki moja au mbili hivi, mara nyingi akiwa bado mdogo, ila vikishaingia kwenye udongo wenye unyevu vinaweza kukaa miezi mingi, na mjamzito akiambukizwa kwa mara ya kwanza, mtoto aliye tumboni anaweza kudhurika. Kichaa cha mbwa nacho, licha ya jina lake, humpata paka, na paka humwambukiza mtu kwa kumng'ata au kumkwaruza. Jirani ambaye watoto wake wanacheza kwenye mchanga ana haki ya kuuliza nani anawachanja paka hawa na nani anasafisha. Kumwambia hana utu si kumjibu.

Sasa upande wa pili. Wanaowahudumia paka huanza na swali ambalo wapinzani wao hulikwepa: tukiwaua, nini hutokea? Kwenye misitu ya kusini mwa Tasmania, huko Australia, watafiti waliwapunguza paka kidogo kidogo kwa kuwatega na kuwaua katika maeneo mawili. Idadi ya paka waliotambuliwa kwa kamera haikushuka. Ilipanda kwa asilimia 75 katika eneo moja na asilimia 211 katika jingine, na maelezo yanayoelekea zaidi ni kwamba wageni waliingia kujaza nafasi. Kuua kunaweza kufanikiwa kwenye kisiwa kidogo kama Marion, kukifanywa bila kukoma, kwa kuwa hakuna wa kuja. Kwenye mtaa ulio wazi pande zote, ukiondoa paka watano umewaandalia wengine nafasi tano. Kuwanyima chakula nako hakuwahamishi. Wanabaki palepale, wanakonda, wanapasua mifuko ya taka, na majike wanaendelea kubeba mimba.

Njia wanayoitetea ni kutega, kuhasi na kurudisha. Paka hunaswa, hupelekwa kwa daktari wa mifugo, hufungwa kizazi, hupewa chanjo, na akiwa bado usingizini hukatwa ncha ya sikio moja ili atambulike kwa mbali asitegwe tena. Kisha hurudishwa alipotolewa. Mfano unaotajwa mara nyingi ni wa chuo kikuu kimoja katikati ya Florida, Marekani, ambako kazi hiyo ilianza mwaka 1991. Hesabu kamili ya mwaka 1996 ilikuta paka 68 kwenye eneo la chuo. Mwaka 2002 walikuwa wamebaki 23. Mwingine ni wa Newburyport, mji mdogo wa Massachusetts, ambako mwaka 1992 kando ya mto palikadiriwa kuwa na paka 300. Wa mwisho wao alikufa mwaka 2009.

Nikiishia hapo nitakuwa nimedanganya kwa kuchagua. Kaunti ya San Diego huko California ilihasi zaidi ya paka 14,000 kati ya 1992 na 2003, na kaunti ya Alachua huko Florida karibu 12,000 kati ya 1998 na 2004. Watafiti walipozichambua takwimu hizo mwaka 2005 hawakuona upungufu wa kuaminika wa idadi ya paka, na wakakadiria kwamba ili kundi lipungue, majike waliohasiwa lazima wafike kati ya asilimia 71 na 94. Roma, ambako sheria ya Italia ya mwaka 1991 inawalinda paka wanaoishi huru na kuwaruhusu watu kuwahudumia, ilihasi karibu paka 8,000 katika miaka 10. Makundi mengi yalipungua, lakini takribani paka mmoja katika kila watano alikuwa mgeni: aliyetupwa au aliyejiingilia mwenyewe. Waliofanya utafiti huo walisema wazi kwamba bila kuwaelimisha wanaofuga paka majumbani, kazi hiyo ni kupoteza fedha, muda na nguvu.

Kwa hiyo njia ni ileile, matokeo mbalimbali. Naona sababu mbili. Ya kwanza ni uzito wa kazi mahali pamoja: elfu kumi waliotawanyika kaunti nzima si sawa na 68 ambao kila mmoja anajulikana kwa madoa yake. Ya pili haizungumzwi sana na sisi wenyewe. Kwenye chuo kile cha Florida hakukuwa na sahani na mtego tu. Karibu nusu ya paka wote waliopita katika mpango ule walitafutiwa nyumba, na huko Newburyport pia, katika miaka ya mwanzo sehemu kubwa ilitolewa kwa watu wa kuwafuga. Upungufu haukuletwa na kisu cha daktari peke yake, na anayeitangaza njia hii bila kusema hivyo anawapa wapinzani fimbo ya kumchapia.

Hapa ndipo ninapotofautiana na baadhi ya wenzangu. Kuweka chakula kila jioni na kuondoka si kujitolea kwa ajili ya paka. Ni nusu ya kazi, na nusu hiyo ikibaki peke yake ina madhara. Jike huanza kushika mimba akiwa na miezi minne hadi sita, mimba yenyewe ni miezi miwili hivi, na jike aliyelishwa vizuri huzaa vizuri. Huko North Carolina, watafiti waliofuatilia watoto 169 wa paka wasiofugwa waligundua kwamba 127 kati yao walikufa au kutoweka kabla ya kutimiza miezi sita. Asilimia 75. Wengi waliojulikana kilichowaua waliuawa na mbwa, paka wengine au magari. Nikimkumbuka yule jike wa kijivu, najua sasa watoto wake wa kwanza walikwenda wapi, na najua chakula changu kilishiriki kuwaleta.

Lakini anayesema basi tuache kulisha naye hajafikiri. Chakula ndicho kinachomleta paka mahali pamoja, saa moja, ambapo anaweza kuhesabiwa na kunaswa. Paka asiyelishwa na mtu hana ratiba, na asiye na ratiba humnasi. Ninachotaka ni chakula kiwe na masharti. Kiwekwe saa ileile, kikae nusu saa, kisha sahani ziondolewe na mahali pafagiliwe; mabaki ya usiku kucha huleta panya na kumpa jirani sababu ya haki ya kukasirika. Kisiwekwe karibu na viota vya ndege wa ardhini, na mimi niko upande wa wanaotaka paka wa sehemu hizo wahamishwe, hata ikiwa ni kwenye uzio maalumu ambao paka mwenyewe asingeuchagua. Na kuwe na daftari. Langu lina safu nne: rangi na alama, dume au jike, sikio limekatwa au bado, na tarehe aliyoonekana mara ya mwisho. Mgeni akitokea anaandikwa jioni hiyohiyo, na miadi ya daktari inatafutwa kabla hajazoea hata kunusa sahani.

Miadi kwanza, mtego baadaye. Anayeanza hukosea hapo: anamnasa paka Ijumaa usiku, daktari yupo Jumatatu, na mnyama anakaa siku tatu kwenye kizimba asichoweza hata kugeukia vizuri. Mtego ukishategwa hauachwi peke yake. Jike mwenye maziwa hatolewi bila kwanza kuwatafuta watoto wake. Akikung'ata, hata kidogo, osha kidonda kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha nenda hospitali siku hiyohiyo, usingoje kivimbe.

Na kuna gharama inayomwangukia mtu mmoja mmoja. Wengi wanaofanya kazi hii wako peke yao, wanatoa mfukoni mwao, na wanashindwa kusafiri hata kwa msiba kwa sababu hakuna wa kushika sahani. Akiugua au akihama, kundi zima linabaki na njaa pamoja na majike wawili ambao hawajahasiwa, na ndani ya mwaka kazi ya miaka mitano imefutika. Ningependa kila anayelisha awe na mtu wa pili anayejua daftari liko wapi. Serikali za mitaa nazo zinapowaachia watu hawa mzigo wote, kisha zikawashtaki kwa kulisha, zinaiadhibu ile nguvu pekee iliyokuwa tayari kufanya kazi hiyo bila malipo.

Yule jike wa kijivu alifanyiwa upasuaji asubuhi iliyofuata. Nilimrudisha siku ya tatu, mtego nikauelekeza upande wa ukuta, nikauinua mlango. Alitoka kama mshale hadi chini ya gari, hakugeuka. Jioni hiyo hakuja. Kesho yake alikuja saa ileile, akakaa mbali kidogo kuliko zamani, sikio lake la kushoto limenyooka na bapa juu, nikachukua kalamu nikamhesabu.