Uhuru wa Msumbiji Haukuanzia Lisbon

Juzi nimemsikia mchambuzi mmoja redioni akisema Msumbiji ilipata uhuru kwa sababu wanajeshi wa Ureno waliipindua serikali yao tarehe 25 Aprili 1974. Basi. Mto Ruvuma, mpaka wetu na Msumbiji, hakuutaja hata mara moja, na anaongea na watu wa Mtwara na Lindi!

Sawa, mapinduzi yale yaliharakisha mambo. Lakini wanajeshi wale walichoshwa na nani, kama si wapiganaji wa makoloni yao ya Guinea-Bissau, Angola na Msumbiji?

Makamanda tunawajua. Samora Machel wa kambi ya mafunzo ya Nachingwea tunamjua, na Eduardo Mondlane, kiongozi wa kwanza wa FRELIMO, chama kilichopigania uhuru wa Msumbiji, aliyeuawa kwa bomu la kifurushi Dar es Salaam mwaka 1969 tunamkumbuka. Wanaoniuma ni wabebaji. Silaha zilivuka Ruvuma kwa mitumbwi, kisha zikapanda vichwani mwa watu: masanduku ya risasi, makombora, dawa, kwa miguu, siku nyingi porini hadi ndani ya Cabo Delgado, jimbo la kaskazini mwa Msumbiji. Wengi walikuwa wanawake. Bibi mmoja wa Kitangari aliwahi kunionyesha: kata kichwani, sanduku juu yake, mtoto mgongoni, na kanga imefungwa mdomoni mwa mtoto asije akalia. Safari ya kurudi walibeba korosho, ufuta na vinyago vya mpingo, vikauzwa huku ili maeneo yaliyokombolewa yapate chumvi, sabuni, nguo na majembe. Majeruhi nao walibebwa hadi hospitali ya FRELIMO hapa Mtwara, ile ya Américo Boavida.

Mwaka 1970 Jenerali Kaúlza de Arriaga wa Ureno alimwaga maelfu ya askari kuzikata njia hizo. Kambi aliziteka, vita hakuimaliza, na FRELIMO ikazidi kusonga mbele huko Tete, magharibi mwa Msumbiji. Hata Lazaro Nkavandame, kiongozi wa FRELIMO aliyesimamia biashara hiyohiyo ya kuvuka mto, alipojisalimisha kwa Wareno mwaka 1969 na kuwaita Wamakonde wenzake, waliomfuata walikuwa wachache. Mmakonde wa Newala ana shangazi Mueda, ng'ambo ya mto. Mgeni akibisha hodi usiku anapewa ugali, haulizwi anakokwenda. Na vijiji vya upande wetu vililipa kwa mabomu ya kutegwa.

Askari wetu waliofia Msumbiji wana makaburi yao Naliendele, na wanastahili. Wabebaji nao wanastahili kibao kwenye kila kivuko walichopita. Halmashauri za Newala, Tandahimba na Nanyumbu, tumeni vijana na simu zao wakawarekodi wazee hawa, kwa lugha zao wenyewe, mwaka huu. Msichana aliyekuwa na miaka 15 wakati wa Arriaga sasa yuko kwenye sabini, na majina ya wenzake bado anayo.